Mvuta karavani aliyeona vumbi kabla ya lori

Verna Noske hana mume. Alimzika Lyall miaka kumi na mmoja iliyopita. Hana nyumba yake, amepanga chumba nyuma ya karakana ya matairi. Hana cheti cha shule zaidi ya kile cha darasa la tisa, ambacho nacho anadhani kilichukuliwa na mafuriko. Hana jino moja la mbele. Hana karavani yake mwenyewe, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, hata kuukuu ya kulala siku mbili ziwani, ingawa kazi yake ni kuvuta karavani za wengine. Na tangu mwezi Juni hana simu inayolia.

Saa kumi na mbili asubuhi, giza la Julai likiwa bado limeukalia mji wa Port Augusta, Verna amepiga magoti kwenye changarawe kati ya pikapu yake na karavani nyeupe yenye mistari ya kijani. Tochi ameiuma kwa meno. Anashusha shingo ya karavani juu ya kiungio, anafunga pini, anaipishanisha minyororo miwili chini yake, anachomeka waya wa taa. Anakwenda nyuma kutazama taa nyekundu zikiwaka. Kisha anarudi mbele na kukagua kila kitu upya tangu mwanzo.

"Lyall alikuwa akinicheka," anasema, akifuta mikono kwenye suruali. "Akiniambia, Verna, pini haiwezi kutoroka kabla hujamaliza kuitazama. Mimi nikamjibu, basi nitaitazama ikiwa bado ipo."

Ana miaka sitini na minne. Kila majira ya baridi wastaafu wa kusini hufunga nyumba zao, wakafungasha karavani na kulifuata joto la kaskazini. Wengi hurudi wakiwa wekundu na wenye furaha. Wengine hawarudi na gari lao: moyo humshika mtu Coober Pedy, nyonga huvunjika kwenye ngazi za choo cha kituo cha mafuta, au mume hulala katika kituo cha Marla asiamke. Hapo ndipo hupigiwa simu Verna, aende akaivute nyumba yao mpaka kwao.

Leo ana abiria. Langoni amesimama mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, chupa ya chai kwapani. Ni Lindsay Trewin, dereva mstaafu wa gari la posta, mwenye miaka sabini na saba. Mwezi uliopita karavani yake ilipinduka kaskazini ya kituo cha Pimba wakati lori la matela matatu likiipita. Yeye alitoka na michubuko. Mkewe Joyce alivunjika mfupa wa bega.

Dereva wa lori hilo, Zoran Matulich, amesimamishwa kazi. Wachunguzi wa ajali wanapokea maelezo yenye sahihi ya wino mpaka Jumatano, na barua inayotaka kuwahi lazima iingie posta leo Ijumaa. Wakiamua kuwa Zoran ndiye aliyemsukuma mzee nje ya lami, atanyang'anywa leseni ya malori marefu.

Shahidi aliyekuwa nje ya magari hayo mawili ni mmoja tu, na ni Verna. Alichokiona hakimpendezi Mzee Trewin.

"Funga mkanda, Lindsay," anamwambia.

"Nilikuwa naendesha magari ya serikali wewe ukiwa unachota tope."

"Na ukayaendesha vizuri. Funga mkanda."

Mzee anafunga. Mwandishi wa makala haya anajibana kiti cha nyuma, kati ya jeki na kikapu cha mikate. Karavani tunayoivuta ni ya mama mmoja anayeingoja Pimba baada ya breki zake kutengenezwa. Verna anaingia barabara kuu polepole sana, na mtu aliye nyuma yetu anapiga honi.

"Huyo anawahi chai," anasema Verna, wala haongezi mwendo.

Alizaliwa shambani, ukingoni mwa nchi kavu ambako ngano hukubali mwaka mmoja na kukataa miwili. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne, akaenda kupika kwenye kambi za wakata manyoya ya kondoo. Huko alikutana na Lyall, dereva wa malori ya mifugo. Lyall alimfundisha kuendesha kwa namna moja tu: alimkalisha kwenye usukani, akajilaza kiti cha pili, akafunika uso kwa kofia.

"Nikamuuliza, sasa mimi nifanye nini? Akasema, usiniamshe."

Lyall alipofariki, Verna alikuwa akikaanga mayai katika mgahawa wa kituo cha mafuta, safari ya siku nzima kutoka hapa. Asubuhi moja aliingia mama mmoja aliyejitanda blanketi. Mumewe alikuwa amefariki usiku ule katika karavani yao, na mwili ulikuwa tayari umechukuliwa. Mama yule hakuwahi kuvuta hata tela la kuni. Akasimama mbele ya kaunta na kuwauliza watu wote waliokuwamo: nani anaweza kunirudisha nyumbani na hii nyumba?

"Wanaume walikuwa wanane pale ndani," Verna anakumbuka. "Wote wakatazama sahani zao. Si ubaya, kila mtu alikuwa na safari yake. Mimi nikavua aproni."

Njia nzima mama yule hakusema neno juu ya marehemu. Alizungumzia mapazia ya karavani: alivyoyashona, kitambaa alikipata wapi, kwa nini alichagua maua ya njano. Walipofika alimkumbatia Verna, akamwambia achukue mapazia. Verna anayo mpaka leo dirishani kwake, kule nyuma ya karakana ya matairi.

Safari ya Coober Pedy, kwenda na kurudi, humpa dola mia tisa, na mafuta hula karibu nusu. Kazi nyingi huletewa na Klabu ya Wasafiri wa Ghuba, chama cha wenye karavani wa eneo hili. Mwanachama akikwama, hupiga simu klabu, na klabu humpigia Verna. Ndivyo ilivyokuwa mpaka Juni.

Jua linachomoza upande wetu wa kulia na kuvipaka vichaka rangi ya shaba. Kunguru wameuzunguka mzoga wa kangaruu ukingoni. Mbele yetu zinatokea karavani mbili zimefuatana kama ng'ombe na ndama. Moja ina maandishi mgongoni: *Kev na Sandra, Chaneli 40*, ili wenye redio wajue pa kuwaita. Verna anabonyeza kinasa sauti cha redio ya upepo iliyoning'inia juu ya kichwa chake.

"Kev na Sandra, habari za asubuhi. Mnaweza kuachiana nafasi kidogo? Lori likija litashindwa kuingia katikati yenu."

"Habari, bibie," sauti inajibu. "Tuko pamoja na shemeji, hatutaki kupoteana."

"Hii barabara haina kona mpaka Jumatatu, kaka. Mtapoteanaje?"

Kicheko kinasikika redioni. Karavani ya pili inabaki nyuma taratibu mpaka inapatikana nafasi ya kutosha lori zima.

Hayo ndiyo mambo anayoyajali. Watu wanapomwita mvutaji, yeye husema kuvuta ni kazi ya injini. Kazi ya dereva ni kuishi na wenzake barabarani. Anawajua wastaafu wanaotembea pole njia nzima na foleni nyuma yao, kisha wakifika mahali ambapo barabara imeongezwa njia ya pili ili wapitwe, wanaongeza mwendo. Hawana nia mbaya.

"Barabara ikipanuka, na mguu unajiachia," anasema. "Mtu anajiona salama, anakanyaga. Wale wa nyuma wamengoja nusu saa, wanatukana mpaka mababu. Ukimwambia, anakuapia kwamba hakuongeza. Na kweli hajui kwamba aliongeza."

Lakini kosa kubwa, anasema, ni la wenye adabu. Lori la matela matatu lina urefu wa nyumba nne zilizopangwa mstari mmoja. Likitokea kwenye kioo, mtu mwema anataka kuliachia njia, na kumpisha mtu kwa akili ya mjini ni kusogea. Basi anasogeza magurudumu ya kushoto nje ya lami, kwenye changarawe. Lami iko juu, changarawe iko chini na ni laini. Karavani inaanza kutikisa mkia. Dereva anashtuka, anairudisha kulia, na kulia tayari kuna lori.

"Mwenye lori hataki usogee. Anataka ukae hapo hapo ulipo, mwendo ule ule, ajue utakuwa wapi. Akishakuwa ubavuni, hapo ndipo unainua mguu kidogo amalize upesi. Mkia wake ukikupita, unamulika taa mara moja ajue anaweza kurudi. Basi. Adabu yenyewe ni hiyo tu, kutobadilika."

Lindsay anasikiliza akitazama dirishani. "Rahisi kusema," anasema.

"Rahisi sana," anajibu Verna. "Ndiyo maana nimekuomba uje."

Siku ya ajali Verna alikuwa akienda kaskazini bila mzigo. Mbele yake lilikuwa lori la Zoran, na mbele ya lori karavani ya akina Trewin. Ilikuwa karibu adhuhuri. Zoran aliita kwenye chaneli ya arobaini, ile ile iliyoandikwa mgongoni mwa karavani: "Lindsay na Joyce, nakuja kulia kwenu, shikeni hapo hapo." Hakujibiwa. Wengi hawajibu, ama kwa haya, ama mikono imekamata usukani. Akahamia kulia.

"Lori lilipohama, karavani ikawa wazi mbele yangu," Verna anaeleza. "Nikaona taa ya kushoto inawaka. Nikaona vumbi linaruka kushoto. Kichwa cha lori kilikuwa bado hakijafika hata kwenye bamba la nyuma la karavani. Vumbi kwanza, lori baadaye."

Mzee Trewin amewaambia wachunguzi kinyume chake: kwamba lori lilimbana, upepo wake ukamsukuma kwenye changarawe. Kamera ya lori haikusaidia. Katika nchi hii jua la adhuhuri ya Juni hukaa chini upande wa kaskazini, na Zoran alikuwa akielekea huko huko. Picha nzima ni mwanga mtupu.

Mchunguzi alimuuliza Verna kwa simu: kama kamera haikuona, yeye aliona vipi?

"Nikamwambia kamera haina kofia."

Mwanzoni mwa wiki mwandishi alimkuta Zoran nyumbani kwake, akichimba matuta ya nyanya katika bustani ya mama mkwe wake. Ana miaka thelathini na minane na mabinti wawili. Siku ya ajali alisimamisha lori, akakimbia kurudi na kizima moto mkononi, akambeba Joyce na kumtoa kupitia dirishani.

"Sina ugomvi na yule mzee," alisema. "Baba yangu angesema vile vile. Lakini mimi nimeanza kazi hii nikiwa na miaka kumi na tisa. Wakinichukulia leseni, nitafanya nini? Tazama hizi nyanya. Mama mkwe anangoja niondoke, kisha anazipanda upya."

Upande wa pili nao una hoja zake. Bi. Glenys Pocock, katibu wa klabu, anakanusha kwamba Verna amegomewa.

"Hakuna aliyemkataza kusema alichokiona," alisema kwa simu. "Lakini mwanachama wetu amepinduka, mkewe amevunjika. Wanachama wanaambiwa mtu ambaye klabu imemlisha miaka yote anakwenda kutoa ushahidi wa kumtetea mwenye lori. Mimi siwezi kuwashika mikono wampigie simu."

Verna anasomewa maneno hayo.

"Glenys ni mtu mzuri. Alinipikia supu nilipokuwa na homa. Nisipoandika, simu italia tena, na mimi nitakwenda kuchukua karavani za watu nikipita kwa Zoran, anachimba. Nitampungia mkono vipi?"

Jumanne alikwenda mwenyewe Stirling North, kwa binti wa akina Trewin, ambako wazee hao wanakaa. Hakutaka wasikie mitaani. Alimwambia Lindsay mlangoni, kabla hajakaribishwa, kwamba barua yake imekwisha andikwa na Ijumaa itatumwa, iwe isiwe. Mzee akamwambia kwamba yeye alimpisha yule mtu, akampa njia yote, ashukuriwe badala ya kusingiziwa.

"Najua ulimpisha," Verna akamjibu. "Panda na mimi Ijumaa mpaka Pimba. Usiseme kitu. Kaa tu."

Na sasa amekaa. Chai ameshamimina na kuinywa. Tumepita ziwa la chumvi, jeupe kama shuka iliyoanikwa, ndipo redio inakohoa.

"Karavani yenye kijani, nyuma yako. Ni Bibi Noske huyo?"

"Ni mimi, Des," Verna anamjibu dereva wa lori lililo nyuma yetu.

"Bado hujafa?"

"Nimekungoja wewe utangulie. Mbele ni peupe, naona mpaka mwisho. Nashika hapa hapa."

"Nakuja, mama. Asante."

Kwenye kioo lori linakua. Kwanza ni sahani ya chuma inayong'aa, kisha ni ukuta. Linahamia kulia. Mikono ya Verna imetulia kwenye usukani, na mshale wa mwendo haujasogea. Upepo wa lori unatupiga ubavuni, unasukuma kidogo, halafu unavuta. Karavani inaitika nyuma yetu, kisha inatulia.

Mwandishi hakuwa akimtazama Verna. Alikuwa akimtazama Lindsay. Tangu lori lilipotokea kwenye kioo cha upande, mzee alikuwa ameanza kuinamia mlango wa kushoto. Mkono wake wa kulia ulipanda, ukakunja vidole hewani kama ulioshika usukani, ukavuta kushoto. Ulivuta tena. Lori lilikuwa bado nyuma yetu kabisa.

Akauona mwenyewe. Akautazama ule mkono kama mkono wa mtu mwingine uliowekwa pajani pake, kisha akaufunika kwa mkono wa pili.

Verna aliinua mguu. Tela la kwanza likapita, la pili, la tatu. Akamulika taa. Lori likarudi kushoto mbele yetu, likawasha indiketa ya kulia kisha ya kushoto, ndiyo asante ya madereva.

"Laini kama siagi," sauti ya Des ilisema. "Kila mtu angekuwa kama wewe, Zoran asingekuwa anapanda nyanya. Yule mzee bado anang'ang'ania uongo wake?"

Verna alibonyeza redio. "Ninaye hapa, Des. Anakusikia."

Mbele yetu lori liliendelea kwenda, na matela yake matatu yakipokezana kutikisika kidogo.

"Habari za asubuhi, mzee," Des alisema hatimaye, kwa sauti nyingine kabisa. "Bega la mama linaendeleaje?"

Lindsay alikipokea kinasa kutoka kwa Verna. Hakujua pa kubonyeza, akaonyeshwa.

"Linaunga," alisema. "Analala sasa. Mwanzoni alikuwa halali."

"Mpe pole."

"Nitampa."

Alikirudisha kinasa kwa Verna. Kisha Lindsay akasema, kama anayeendelea na mazungumzo yaliyoanza zamani: "Nilidhani ni adabu."

"Ilikuwa adabu," Verna alisema.

"Wakijua, watanirudisha kwenye mtihani. Umri huu. Wataniondolea ruhusa ya kuvuta."

"Huenda."

"Joyce anataka kuona kule kaskazini maji yanapoanguka. Miaka mitatu sasa anataka."

Walipofika Pimba, walimkabidhi mama yule karavani yake, naye akawalazimisha kula pai ya nyama, akamsifu Verna kwa breki ambazo hakuzitengeneza yeye. Lindsay hakula. Alikwenda mpaka ukingo wa barabara, akasimama akiyatazama malori yanavyopita. Alipiga teke ukingo wa lami kwa ncha ya kiatu, mahali ambapo changarawe inaanza, akakanyaga hapo na kuona mguu unavyozama.

Saa nane mchana tuko mezani kwa binti yao. Joyce Trewin, mkono ukiwa kwenye kitambaa shingoni, anapakua supu ya njegere kwa mkono mmoja na hataki kusaidiwa. Lindsay amevua kofia.

"Joyce," anasema, "lile lori lilitubana au halikutubana?"

Joyce anaweka upawa chini. "Nimekaa wiki zote hizi nikingoja uniulize."

"Nakuuliza sasa."

"Nilisikia changarawe chini ya miguu yangu. Halafu ndipo nikaona lori dirishani kwako."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unalia, Lindsay. Pale kitandani hospitali ulikuwa unalia na kuniambia nimsamehe yule dereva. Ningekwambia nini?"

Mzee anaomba karatasi. Anaandika polepole kwa herufi kubwa za watu waliosoma anwani za wengine maisha yao yote. Anafuta, anaandika tena. Katikati anasimama.

"Na redio," anasema. "Niandike ya redio?"

Hapo ndipo inajulikana kwa nini Zoran hakujibiwa. Redio ilikuwa imezimwa tangu walipotoka Port Augusta.

"Mimi ndiye niliyesema uizime," Joyce anasema. "Wale watu wanatukana, jamani. Mtu anakunywa chai yake anatukaniwa. Andika ni mimi."

"Kidole kilikuwa changu."

"Andika kweli."

"Hiyo ndiyo kweli. Kidole kilikuwa changu."

Anaandika hivyo. Verna anageuka na kutazama dirishani. Anasema mvua haitakuja, ingawa hakuna aliyeuliza.

Maelezo ya Lindsay yanajaa nusu ukurasa. Hasemi kwamba kosa ni lake. Anasema kwamba aliona lori nyuma, akasogea mwenyewe kushoto kwa nia ya kuliachia njia, na lori lilikuwa bado halijamfikia. Anatia sahihi, na Joyce anatia yake chini. Verna anatoa barua yake iliyokunjwa mfukoni mwa koti. Anauliza kama wangependa ziende mbalimbali, watu wasije wakadhani walipanga.

"Tumepanga," anasema Joyce. "Tia humo humo."

Bahasha ni moja. Joyce anaishikilia juu ya meza kwa mkono wake mzima, Lindsay analamba gundi, na Verna anapitisha kidole gumba kwenye mfuniko mara mbili.

Njiani kwenda posta, Verna anaeleza anachokitaka. Anataka uwanja wa maonyesho wa mji siku za Jumamosi. Anataka wenye karavani waje na karavani zao na mwenye lori mmoja aje na matela yake, wapande magari ya wenzao, kila mtu aone kioo cha mwenzake kinaonyesha nini. Ameshazungumza na mwenye uwanja, ambaye hakusema ndiyo wala hapana. Lori analitaka la Zoran, akirudishiwa leseni.

"Na huyu nitamtaka aje azungumze," anasema, akimwelekezea Lindsay kidevu. "Watamsikiliza kuliko mimi. Mimi sijapinduka."

"Sijasema nitakuja," anasema Lindsay.

"Hujasema."

"Na klabu je?" anauliza mwandishi. "Wasipokupigia tena?"

"Basi nitakuwa na Jumamosi nyingi."

Mji umejaa karavani zinazonunua mkate na kujaza maji. Verna anaegesha mbali, mahali ambapo hamzibii mtu njia. Anazima injini, anamtazama Lindsay, na bila kuambiwa anampa bahasha. Mzee anateremka, anavuka barabara akitazama kulia mara mbili. Mbele ya sanduku jekundu anasimama, anasoma anwani yote kwa sauti ya chini kama alivyokuwa akisoma za watu wengine, kisha anaisukuma ndani. Anaingiza vidole kwenye mdomo wa sanduku kuhakikisha haikunasa.

Anarudi, anafungua mlango wa gari, anafunga mkanda.

"Imeshuka," anasema.